Mgonjwa mmoja, namba tatu za presha kwa siku moja: tuandike ipi kwenye faili?

#1 SistaKliniki

Habari za kazi, ndugu wauguzi na wote mnaohudumia wagonjwa wa moyo.

Mama mmoja wa miaka 61, jirani yangu ambaye pia huhudhuria kliniki ninayofanyia kazi, ameniruhusu nieleze habari zake bila kutaja jina. Wiki iliyopita alipimwa kliniki saa tatu asubuhi, akaandikiwa 168 kwa 96. Akiwa njiani kurudi nyumbani alipita duka la dawa, wakampima kwa mashine ya betri wakapata 154 kwa 90. Jioni nilimpima mwenyewe sebuleni kwake, nikapata 142 kwa 88. Kwa namba ile ya asubuhi alikuwa ameshaandikiwa dawa ya tatu, juu ya amlodipini na dawa ya kupunguza maji anazotumia kwa miaka minne sasa.

Mwaka jana mgonjwa wetu mwingine aliongezewa dawa kwa namna hiyo hiyo. Alianguka usiku akielekea msalani, na alipopimwa akiwa amesimama alikuwa 104 kwa 62. Kwa sababu hiyo siwezi kulichukulia jambo hili kuwa la makaratasi tu. Dai langu ni kwamba namba tunayoiandika kliniki mara nyingi si presha ya mgonjwa, bali ni presha ya foleni. Anayeona vinginevyo naomba anieleze.

#2 MwalimuWaWodi

Dada, kabla ya kuilaumu foleni, tuichunguze mikono yetu sisi wapimaji. Mgonjwa anatakiwa akae dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, kibofu kikiwa kitupu, na mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkanda ukigusa ngozi na si sweta. Baada ya hapo anapimwa angalau mara mbili, kwa kupumzika dakika moja katikati. Nimefundisha miaka mingi na ninajua kwamba katika kliniki yenye wagonjwa themanini, mambo hayo huishia kwenye daftari la mtihani.

Suala la mkono peke yake linatosha kuharibu kipimo. Damu iliyomo ndani ya mishipa ina uzito wake, na kila sentimita moja ambayo mkono unashuka chini ya usawa wa moyo huongeza takribani 0.8 ya milimita ya zebaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha mwaka 2024 matokeo yanayoonyesha kwamba mkono uliowekwa mapajani huongeza namba ya juu kwa karibu 4, na mkono unaoning'inia ubavuni huiongeza kwa karibu 6.5. Ongeza mazungumzo ya "mama, unaendeleaje, watoto hawajambo?" wakati mkanda umejaa upepo, na unaweza kupata nyingine 10. Hapo hujamfikia bado mgonjwa mwenyewe.

Swali langu ni moja: kliniki yenu ina meza pembeni ya kiti cha kupimia?

#3 FundiVifaaTiba

Shikamoo mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu mkono, lakini mimi ni fundi wa vifaa tiba, na ninachokikuta huko vituoni kinanifanya nianze na kifaa. Tangu nchi zilizoridhia Mkataba wa Minamata zianze kuondoa mashine za zebaki, vituo vingi vimebaki na mashine za saa, zile za mshale. Ndani yake mna kiwambo chembamba cha chuma na gia ndogo, na zikianguka mara moja sakafuni zinaanza kusoma vibaya bila kuonyesha jeraha lolote kwa nje. Kabla ya kumfunga mgonjwa mkanda, angalieni kama mshale umelala kwenye sifuri. Hata ukilala hapo, inatakiwa ilinganishwe na mashine ya rejea kila baada ya miezi sita au mwaka. Nimewahi kukuta kituo kinachotumia mashine iliyozidisha kwa 12 kwenye eneo la 150, na hakuna aliyejua imekuwa hivyo tangu lini.

Jambo la pili ni ukubwa wa mkanda. Tangu Korotkov alipobuni mkanda huu mwaka 1905, kanuni haijabadilika: mfuko wa upepo ulio ndani yake unapaswa kuzunguka karibu asilimia 80 ya mkono. Wengi wana mkanda mmoja tu kwa wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu wanaohitaji mkanda mkubwa kuliko yote wakipimwa kwa ule wa kawaida, namba yao ya juu huzidi kwa wastani wa 19.5. SistaKliniki, mama huyo ana mkono wa unene gani?

#4 MzeeWaZamu

Marekebisho madogo kwa FundiVifaaTiba, kwa heshima. Mkanda ulibuniwa na Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896. Yeye alikuwa akipapasa mapigo tu, hivyo alipata namba ya juu peke yake. Korotkov, daktari Mrusi, ndiye aliyeweka stethoskopu chini ya mkanda mwaka 1905 na kueleza sauti ambazo hutupatia namba zote mbili.

Ninalisema hili kwa sababu lina kazi hadi leo. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wazee wenye mishipa iliyokakamaa, sauti hupotea katikati kisha hurudi. Muuguzi asiyepapasa mapigo kwanza anaweza kujaza upepo hadi 150 tu, akaangukia kwenye ukimya huo, akaandika 140 wakati mgonjwa ana 180. Kwa hiyo ile namba ndogo ya jioni, dada, usiipende haraka kwa kuwa ni ndogo.

#5 SistaKliniki

Nashukuru. Mwalimu, meza ipo, ila ndiyo tunayoandikia mafaili, kwa hiyo mkono wa mgonjwa mara nyingi hukaa mapajani. Fundi, mkono wake una sentimita 33 na mkanda wetu umeandikwa 22 hadi 32, kwa hiyo mkono wake umeupita mkanda kwa sentimita moja. Mzee wangu, jioni nilitumia mashine ya betri ya mkononi, si stethoskopu.

#6 NesiWaPwani

Salamu kutoka Mombasa. Ninyi mnapima mikono na mikanda, nami nauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu uzi huu uanze: je, mama huyo alikuwa amemeza dawa zake asubuhi hiyo?

Katika kliniki yetu tulianza kumuuliza kila mgonjwa kabla ya kumpima, na tukashangaa. Wengi huondoka nyumbani alfajiri, na kwa kuwa wameambiwa waje bila kula ili wapimwe sukari, wanadhani vidonge vya presha navyo vimekatazwa. Wengine huacha kwa makusudi, wakiamini kwamba daktari anataka kuiona presha "yenyewe" isiyoguswa na dawa. Bibi mmoja aliniambia kwamba kumeza dawa kabla ya kupimwa ni sawa na kumdanganya daktari. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akiongezewa dozi kwa sababu ya uaminifu wake. Mwezi wa Ramadhani nao una hesabu yake, kwa sababu dawa huhamia daku au futari na mgonjwa hatuelezi mpaka aulizwe.

#7 DaktariWilaya

NesiWaPwani ameuliza swali zuri, lakini msiisahau ile hali inayojulikana tangu zamani, ya presha kupanda mbele ya koti jeupe.

Presha ni zao la vitu viwili: kiasi cha damu ambacho moyo unakisukuma kwa dakika, ambacho kwa mtu mzima aliyetulia ni kama lita tano, na ukinzani wa mishipa midogo inayoipokea. Mtu akiingiwa na hofu, homoni za mfadhaiko huyaharakisha mapigo na kuibana mishipa hiyo, na vitu vyote viwili hupanda kwa pamoja ndani ya sekunde chache. Mgonjwa hadanganyi na mashine haidanganyi, kwa dakika hiyo presha yake ni ile kweli. Ndiyo maana mipaka hutofautiana: kliniki tunahesabu kuanzia 140 kwa 90, nyumbani kuanzia 135 kwa 85, na kwa mashine inayovaliwa saa 24, wastani wa 130 kwa 80.

Hata hivyo ninapinga dai la "presha ya foleni" likichukuliwa kuwa la jumla. Ipo hali ya kinyume, na ndiyo inayonitia hofu zaidi. Nilikuwa na mgonjwa, dereva wa lori, ambaye kliniki alikuwa 128 kwa 80 kila mara. Mkewe alimpima nyumbani akapata 150 na zaidi kwa wiki nzima, nami nilidhani mashine yao ni mbovu. Tulipompima mkojo tulikuta protini. Tungeamini kliniki peke yake, angeendelea kuharibika figo huku faili lake likisoma vizuri.

#8 MwanafunziMwakaWaPili

Samahani kwa kuingilia wakubwa zangu. Katika kitabu nilichosoma, presha inaanzia 130 kwa 80. Je, 140 kwa 90 si kipimo cha zamani?

#9 MwalimuWaWodi

Hujaingilia, umeuliza vema. Mpaka wa 130 kwa 80 ulitolewa mwaka 2017 na vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri kuanza dawa kwa 140 kwa 90, na kwa 130 kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa moyo na mishipa. Wataalamu wa Ulaya nao mwaka 2024 waliubakiza mpaka wa 140 kwa 90, wakaongeza kundi la kati la presha iliyoinuka. Mtihani wako utafuata mwongozo wa nchi yako, lakini mgonjwa wako anakuhitaji ujue kwa nini mipaka haifanani.

#10 DerevaMstaafu

Mimi si mtaalamu, ni mgonjwa tu. Huwa nasoma humu ili niwaelewe wanaonihudumia.

Mwaka 2019 nilipimwa presha 170, lakini kwa kuwa kile kipimo cha kubandikwa vibandiko kifuani kilitoka safi, niliambiwa moyo wangu ni mzima na nikaacha dawa kwa furaha. Baada ya miaka miwili nilishindwa kulala bila mito mitatu. Nilipopelekwa kufanyiwa eko, yaani kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ukuta wa moyo upande wa kushoto ulikuwa umekuwa mnene. Naomba mnieleze jinsi kipimo cha kwanza kilivyoweza kusema mzima.

#11 SistaMoyo

Pole sana, baba. Nafanya kazi kwenye kitengo cha moyo, na swali lako naliona kuwa kiini cha uzi huu wote.

Kipimo cha vibandiko husoma umeme wa moyo, hakioni nyama yake. Kinatuambia mapigo yanakwenda kwa mpangilio gani, kama kuna njia ya umeme iliyozibwa, au kama sehemu fulani inakosa damu kwa wakati ule mtu amelala kitandani. Mtu mwenye mshipa wa moyo ulioziba nusu anaweza kupata karatasi safi kabisa akiwa amepumzika. Unene wa ukuta nao kinaukisia tu kutokana na urefu wa mawimbi, na hukosea pande mbili: huwakosa wengi walio nao, na kwa watu wenye asili ya Afrika huwataja wengi wasio nao, kwa sababu mawimbi yetu kwa kawaida huwa marefu.

Halafu kuna kosa letu sisi wauguzi. Kibandiko cha kwanza na cha pili vinakaa kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto mwa mfupa wa kidari, na cha nne kwenye nafasi ya tano, chini ya katikati ya mtulinga. Wengi wetu tunavibandika viwili vya kwanza juu mno kwa haraka, na karatasi inabadilika. Nyaya za mikono zikibadilishana, mchoro wa kwanza kwenye karatasi hugeuka juu chini, na nimewahi kuona mgonjwa akiandaliwa rufaa kwa sababu ya nyaya tu.

Nikirudi kwa SistaKliniki: kwa nini mnagombania namba za siku moja wakati moyo wenyewe huweka kumbukumbu? Presha ikiwa kweli juu kwa miaka, chumba cha chini cha kushoto hunenepa kama msuli wa mbeba mizigo. Mpelekeni eko, mpimeni protini kwenye mkojo, mtazameni macho. Hapo mtajua kama 168 ni mgeni au mwenyeji.

#12 DaktariWilaya

SistaMoyo, tatizo ni kwamba eko haipo kila wilaya. Kwangu mgonjwa husafiri hadi hospitali ya kanda au hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na kwa mama mwenye 142 jioni siwezi kumpa nauli hiyo kwa urahisi. Vilevile moyo usionenepa hauthibitishi kwamba presha ni nzuri. Huenda bado ni mapema.

#13 MtafitiKisumu

Nimesoma yote, na ninaona mmeusahau mji wenyewe. Mwaka 1929 daktari aitwaye Donnison aliandika katika jarida la Lancet kwamba, kati ya watu 1000 aliowapima magharibi mwa Kenya, hakumkuta mwenye presha ya juu. Zaidi ya miaka sitini baadaye hali imebadilika kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, na presha yao ilipanda katika kipindi kifupi baada ya kufika, huku mkojo wao ukionyesha sodiamu nyingi kulinganisha na potasiamu. Chumvi iliongezeka, mboga na viazi vikapungua, mapigo yakaongezeka kasi. Ikiwa mama huyo alihamia mjini, jibu huenda liko jikoni kwake.

#14 NesiWaPwani

Kaka wa Kisumu, hoja yako ni nzito na nimeihifadhi, lakini chumvi ya jikoni haiwezi kupanda asubuhi ikashuka jioni. Umetueleza kwa nini mama ana presha. Hujatueleza kwa nini ana presha tatu. Nasi bado tunasubiri jibu la vidonge.

#15 SistaKliniki

Dada wa Pwani, nilikwenda kumuuliza. Siku hiyo dawa alizimeza saa nne, akiwa dukani, baada ya kutoka kliniki. Umepata ulichokitafuta, ingawa amlodipini hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo sidhani kama kuchelewa saa chache kunaeleza yote.

#16 MfamasiaKijana

Uko sahihi kuhusu amlodipini. Nusu yake hubaki mwilini baada ya saa 30 hadi 50, kwa hiyo kuchelewa asubuhi moja hakuibomoi presha. Nataka kujua anameza nini kingine. Magoti hayamsumbui? Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huzuia figo kutoa chumvi na hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha. Nimewaona watu wakiongezewa dawa ya tatu na ya nne, huku kinachotakiwa kikiwa ni kuondoa kidonge cha magoti.

Kuhusu dawa zake mbili, mchanganyiko wenyewe ni mzuri. Utafiti uliofanywa katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba amlodipini pamoja na dawa ya kupunguza maji hufanya vizuri kwa wagonjwa wetu. Nisingekimbilia ya tatu kwa kipimo kimoja.

#17 MzeeWaZamu

Mimi naiangalia namba ya juu tu kwa mtu wa umri ule. Namba ya chini kwa mzee haina habari kubwa, kwa kuwa moyo hujilisha wakati unasukuma.

#18 SistaMoyo

Shikamoo mzee wangu. Hapo naomba nikurekebishe kama ulivyomrekebisha fundi. Chumba cha kushoto kinapokaza, msuli wake huibana mishipa yake yenyewe, hivyo sehemu kubwa ya damu yake huipata kikiwa kimelegea, yaani wakati wa ile namba ya chini. Mapigo yakienda mbio mno, muda wa kulegea ndio unaofupishwa kwanza. Kwa hiyo mzee mwenye mishipa ya moyo iliyobana akishushwa namba ya chini kupita kiasi kwa dawa nyingi, tunaweza kuunyima moyo chakula chake.

#19 MzeeWaZamu

Marahaba, binti yangu. Nimesahihishwa, na ninafurahi kwamba mnajua kuliko tulivyojua sisi.

#20 SistaKliniki

Ndugu zangu, nimerudi na namba. Nimempima siku saba, asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya chakula, mara mbili kila kipindi, akiwa ametulia na mkono mezani. Nimetumia mkanda mkubwa zaidi ambao mfamasia wa jirani aliniazima. Siku ya kwanza nimeiacha nje ya hesabu. Wastani wa mkono wa kulia ni 139 kwa 86, kwa hiyo hata nyumbani amevuka mpaka kidogo. Akisimama haishuki. Diklofenaki anameza kweli, kwa miezi mitano sasa, na hakumwambia mtu yeyote kwa kuwa hakuulizwa. Daktari wetu amekubali kuisimamisha dawa ya tatu kwa wiki nne na kubadilisha ya magoti.

Jambo jipya ni hili. Siku ya mwisho nilipima mikono yote miwili, mara tatu tatu, na wa kushoto ulizidi wa kulia kwa 14. Kliniki kiti chetu kimebanwa ukutani, hivyo wote tunawapima mkono wa kushoto, nami nyumbani nilikuwa nikipima wa kulia. Je, foleni yangu yote ilikuwa ukuta?

#21 DaktariWilaya

Ikiwa tofauti hiyo ni ya kweli, mkono wenye namba kubwa ndio utakaotumika kuanzia sasa, na mama atakuwa na 153, si 139. Tofauti ya zaidi ya 10 inayojirudia hutufanya tufikirie mshipa uliobana upande wenye namba ndogo, kwa hiyo papasa mapigo ya mikono yote kwa wakati mmoja usikie kama wa kulia ni dhaifu. Lakini bado kuna 15 kati ya 153 na 168 ambazo ukuta hauzielezi.

#22 FundiVifaaTiba

Hizo 15 naomba mniachie mpaka niione ile mashine ya mshale.

#23 MwalimuWaWodi

Polepole kidogo. Kipimo cha kwanza karibu siku zote huwa juu kuliko vinavyofuata, hata kwa mtu aliyetulia, ndiyo maana mikono hupimwa kwa kupishana au kwa mashine mbili kwa pamoja. SistaKliniki, katika zile mara tatu tatu, ulianza na mkono upi?

#24 SistaKliniki

Nilimaliza mara zote tatu za kushoto, kisha ndipo nikahamia kulia. Kesho alfajiri, kabla hajameza dawa, nitaanza na wa kulia.